Bwana Afya na Tangi Lisiloguswa

Tulipohamia Kizwite, mtaa wa mji wa Sumbawanga, mtu wa kwanza kuja kwetu hakuja kutukaribisha. Alikuja kutazama pipa langu.

Lilikuwa pipa la bati lililowahi kubeba mafuta ya taa, nami nilikuwa nimeliweka chini ya ukingo wa paa ili likinge mvua, kama nilivyozoea kwetu Mbeya. Asubuhi moja nilifungua mlango nikakuta mzee mwenye koti zito na kofia ya pama amesimama uani, mikono nyuma, akilitazama pipa lile kwa huzuni, kama mtu aliyeitwa kutambua maiti. Nikamwamkia.

"Marahaba," akaitika bila kugeuka. "Haya maji mnakunywa?"

"Tunachemsha kwanza, baba."

"Mnachemsha mafuta ya taa," akasema, akavaa vizuri kofia yake, akaondoka.

Huyo ndiye Bwana Afya. Alikuwa amestaafu kazi ya afya ya mazingira kabla sisi hatujafika Sumbawanga, lakini cheo kilibaki kwake kama koti lile, hakikumtoka jua wala mvua. Mtaa mzima ulimwita hivyo, mke wake akaitwa Mama Afya, na mbwa wao niliwahi kumsikia akitajwa kama mbwa wa Afya. Miaka yote tuliyokaa naye jirani, tukitenganishwa na ua wa michongoma, sikusikia mtu akimwita jina lake. Lazima alikuwa nalo.

Alikuwa mtu wa mambo mengi, lakini yote yalianzia na kuishia kwenye tangi la maji. Ukikutana naye njiani ukienda kanisani angekuuliza, "Tangi linasemaje?" kabla hajauliza watoto. Kwenye msiba alikuwa wa kwanza kufika, akaweka rambirambi yake, kisha akazunguka nyuma ya nyumba kuangalia maji ya kupikia waombolezaji yanatoka wapi. Baba mmoja aliyefiwa na mama yake aliniambia kwamba katikati ya kilio aliguswa bega, akageuka akitegemea pole, akakuta Bwana Afya anamnong'oneza, "Mfuniko wenu umepasuka."

Mume wangu alipokubali hatimaye kwamba tununue tangi, Bwana Afya hakualikwa. Nilitoka tu nje kuelekea dukani nikamkuta langoni, amevaa viatu vya Jumapili.

Kwenye duka la vifaa vya ujenzi kulikuwa na matangi yamepangwa nje kama ng'ombe mnadani. Mimi macho yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye tangi la bluu.

"Hili zuri," nikasema.

"Zuri kwa nani?"

Alinikabidhi kofia yake. Akamwomba mwenye duka kibao cha kukanyagia, akapanda, akafungua mfuniko, akaingiza kichwa ndani ya tangi mpaka mabegani. Kutoka ndani sauti yake ilikuja nene, "Mama Neema! Nifunike!"

Nilimfunika kwa koti lake mwenyewe. Watu wakaanza kusogea.

"Zunguka nje! Pitisha mkono wako!"

Nikazunguka tangi nikipitisha mkono, kama mtu anayeaga basi.

"Nauona! Ninauona mkono! Nauona na pete!"

Mwenye duka akanijia taratibu. "Mama, mzee wako yuko sawa?"

"Si mzee wangu," nikasema. "Ni jirani."

Bwana Afya alitoa kichwa, nywele zimemsimama, akamweleza yule mwenye duka kwa upole kabisa kwamba tangi linalopitisha mwanga linaotesha ukijani ndani, na kwamba mtu anayenunua tangi lile hanunui tangi, ananunua bustani. "Atakunywa mchicha," akasema. Kisha akahamia kwenye matangi meusi. Hapo hakuingiza kichwa ili aone. Aliingiza kichwa ili aimbe. Alikuwa mwimbaji wa besi kanisani, na aliamini kwamba tangi lenye ukuta mwembamba hurudisha sauti kwa kelele, lakini lenye ukuta mnene huimeza. Akaimba kwenye la kwanza, akatikisa kichwa. Akaimba kwenye la pili. Mama mmoja aliyekuja kununua misumari, ambaye nadhani alikuwa wa kwaya nyingine, akashindwa kujizuia akamwitikia kwa sauti ya pili. Waliimba ubeti mzima, mmoja ndani ya tangi na mwingine nje ameshika misumari, na walipomaliza watu wakapiga makofi na sisi tukanunua lile tangi.

Lilikuwa la wastani. Bwana Afya alinikataza kubwa. "Maji yakikaa sana yanazeeka," alisema. "Nunua tangi la maji unayotumia, usinunue la kujionyesha." Ningemwamini kwa moyo wote kama tangi lake lisingekuwa ndilo kubwa kuliko yote mtaani, jeusi, limesimama juu ya msingi wa matofali nyuma ya nyumba yao, likionekana toka barabarani kabla nyumba yenyewe haijaonekana.

Fundi aliponijengea msingi, Bwana Afya alikuja kuukagua. Nilidhani atatumia pima maji. Alivua koti, akajilaza chali juu ya matofali, akafumba macho. Fundi akanitazama, nami nikamtazama fundi.

"Kuna tofali moja linanichoma kwenye figo," akasema hatimaye. "Hapa, kushoto. Tangi nalo litachomwa hapohapo, na likijaa litapasuka."

Fundi alibisha, akapima, akakuta tofali limeinuka kweli. Akalirudia. Sasa ningependa kusema kwamba kila jambo alilofanya lilitoka na faida kama hiyo. La hasha. Wiki hiyohiyo alilala pia juu ya msingi wa jirani wa pili, akapitiwa na usingizi, na mke wa jirani aliporudi kutoka shambani akamkuta ametulia vile juu ya matofali, akapiga mayowe ya msiba ambayo yalileta watu kutoka mitaa mingine.

Upepo wa huku kwetu juu mtu asiyeuzoea huwa haamini. Mwezi wa nane unapuliza toka asubuhi, unaingia chini ya mabati, unabeba ndoo. Siku moja Bwana Afya alikuwa amemwaga maji yote ya tangi lake ili alioshe, akaingia ndani kutafuta brashi. Tangi tupu, hata liwe kubwa kiasi gani, kwa upepo ule ni puto. Nilikuwa kwenye cherehani yangu barazani nilipoliona linashuka kwenye msingi wake, likatua kwa ubavu, likasita kidogo, kisha likatoka getini.

Liliteremka barabara ya mtaa likibiringika na kunguruma. Wanawake waliokuwa wanauza nyanya waliinua meza zao. Huku Sumbawanga, mji unaosifika kwa uchawi, kitu kikitembea chenyewe watu hawaulizi sana. Nilisikia milango ikifungwa mmoja baada ya mwingine, na mtu akilikemea kwa jina la Yesu. Tangi halikusimama.

Bwana Afya alitoka na brashi mkononi. Hakukimbia. Alirudi ndani kwanza kuchukua kofia. Baadaye aliniambia kwamba mtumishi wa serikali, hata mstaafu, hakimbizi mali yake hadharani. Basi alilifuata kwa mwendo wa kawaida, akisimama kuamkiwa.

"Shikamoo, Bwana Afya."

"Marahaba. Mmeona tangi likipita hapa?"

"Limepita."

"Lilikuwa linaelekea wapi?"

"Kama linakwenda Mpanda."

"Asante. Wasalimieni nyumbani."

Alilikuta kwenye shamba la alizeti nje ya mji, limetulia, mbuzi wamejikinga na upepo ndani ya mlango wake. Lilirudishwa kwa mkokoteni. Siku hiyo alilifunga kwa waya nene kwenye nguzo nne zilizochimbiwa ardhini, akazisokota zile waya kwa koleo mpaka zikalia kama nyuzi za gitaa.

Huyo ndiye mtu aliyekuwa na tangi safi kuliko yote Kizwite. Lilikuwa na wavu kwenye bomba la kumwagia maji ya ziada, mbu asiingie. Gata zake, mifereji ya paani, zilikuwa na mfuniko wa kugeuza, mvua ya kwanza inayoosha vumbi na mavi ya ndege iende shambani, ya pili ndiyo iingie. Koki haikuwekwa chini kabisa bali juu kidogo, ili matope yabaki kitakoni. Hayo yote alinifundisha na mimi ninayafuata mpaka leo. Tatizo lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa la Mama Afya. Maji ya tangi lile hayakuruhusiwa kuchotwa.

Nilichelewa kuligundua. Nilijiuliza tu kwa nini Mama Afya anakuja kwenye ua wa michongoma na ndoo, ananiomba maji, ilhali nyuma yake naliona lile tangi limejaa mpaka mfunikoni. Mwanzoni aliniambia koki yao imekwama. Kisha akasema limewekwa dawa. Mwishowe akachoka kutunga.

"Anasema likipungua, linaingia hewa," aliniambia. "Anasema hewa ndiyo inaleta uchafu."

"Sasa mtalitumia lini?"

"Siku ya shida."

"Shida ipi?"

Mama Afya akainua ndoo kichwani. "Mwanangu, shida iko siku nyingi ndani ya nyumba ile, lakini yeye haijui kwa sura."

Siku maji ya bomba yalipokatika mtaa mzima, nilisikia mabishano yao kupitia michongoma. Mama Afya alikuwa anasema, "Si ndiyo shida hii?" na Bwana Afya akajibu kwa utulivu, "Hii ni kero. Shida bado." Baadaye nikamwona mama yule anakwenda bondeni na dumu.

Na mwenyewe, je? Akienda kwao upande wa Ilemba kutazama mashamba, watu waliofuatana naye walisema alikuwa anapiga magoti kwenye kijito, anakunywa kama ndama, halafu anafuta ndevu anasema maji ya kwao hayana neno. Miezi ya baridi alipitisha siku nyingi bila kuoga. Mke wake alipomsema mbele yangu, kwamba anamsugua tangi mgongo na yeye mwenyewe hajagusa sabuni, alimjibu, "Kati yangu na tangi, ni nani anabeba maji ya kunywa ya watu?" Mama Afya alikuwa na jibu, lakini si la kuandika hapa.

Binti yao wa mwisho aliitwa Leokadia, mwalimu wa shule ya msingi, msichana mpole aliyerithi mdomo wa mama yake na kuuficha. Alipata mchumba kutoka Mtowisa, kule chini bondeni, kijana mwembamba mrefu aitwaye Gaspari, mkulima wa mpunga, familia yenye ng'ombe wa kutosha. Kila mtu alifurahi. Bwana Afya akapanda lori bila kumwambia mtu, akateremka Mtowisa, akaenda mpaka nyumbani kwa kijana kama msafiri anayeomba maji. Wakampa maji kutoka kwenye pipa lisilo na mfuniko. Ndani ya pipa akaona chura.

Alirudi akakataa posa. "Binti yangu hataolewa na chura," alisema.

Leokadia alilia siku nzima kwenye baraza langu, huku akinisaidia kushona vifungo. Mwisho Bwana Afya alilegeza: atakubali, lakini hataki ng'ombe hata mmoja. Anataka kijana aweke tangi nyumbani kwake, na aliweke yeye akiwa anatazama. Habari zilipofika bondeni, baba mdogo wa Gaspari, ambaye ndiye alikuwa msemaji wa ukoo, alijibu kwamba ng'ombe anazaa, je, tangi litazaa nini? Mambo yakasimama. Ilipangwa waje mara moja ya mwisho, wazungumze ana kwa ana, na ikishindikana kila mtu ashike njia yake. Leokadia aliniambia ikishindikana, yeye ataomba uhamisho aende mkoa wowote usio na mvua.

Asubuhi ya siku hiyo Bwana Afya aliamua kuosha tangi. Alitaka wageni waone mfano.

Wakati wa kazi alikuwa mwembamba, akiingia kwenye tundu la tangi na kutoka kama panya. Lakini kustaafu kulimpa tumbo ambalo hakuwahi kulikubali. Alimwaga maji, akaitoa koki ili tundu la chini libaki wazi, akapanda ngazi, akatoa pumzi yote, akajitumbukiza. Kuingia, uzito ulimsaidia. Kutoka ulimgeuka. Alipojaribu kujiinua, mabega yalipita, tumbo likakataa.

Mama Afya alipanda ngazi akachungulia. "Tukate zile waya tuliangushe ubavu?"

"Waya zisiguswe!" ikatoka sauti. "Nipeni muda. Tumbo litashuka."

Lingeshuka. Lakini yule mama, kwa huruma, alimteremshia bakuli la kande, naye kwa unyonge akala yote.

Wageni wakafika mapema. Mimi nilikuwa nimeitwa kusaidia jikoni, na mume wangu kukaa na wageni, kwa hiyo niliyaona na kuyasikia yote. Baba mdogo, mtu mzima mwenye fimbo na sauti ya mnadani, aliketi sebuleni akatazama kiti kitupu kilichomkabili.

"Mwenye nyumba tumemkuta?"

"Yupo," akasema Mama Afya.

"Yuko wapi?"

"Yuko kwenye tangi."

Baba mdogo akafikiri hilo ni jina la klabu ya pombe. "Tutamsubiri arudi," akasema kwa heshima.

"Hawezi kurudi."

Kisha Mama Afya akainuka, akajifunga kitenge vizuri, akawaongoza wageni nyuma ya nyumba. Tulisimama mbele ya tangi. Kutoka kwenye tundu la koki, usawa wa kiuno cha mtu mzima, sauti ikasema:

"Karibuni sana. Nisameheni kwa kutosimama."

Gaspari alikuwa wa kwanza kuelewa. Aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na tundu, akasema, "Shikamoo, baba."

"Marahaba," likaitika tangi.

Viti vikaletwa nje. Kikao kikafanyika palepale. Baba mdogo aliongea akilitazama tundu, akisitasita, mara akiinua macho kwenye mfuniko kama hajui mkwe wake anaanzia wapi. Alisema ukoo wao ni watu wa ng'ombe. Alisema kuombwa tangi badala ya ng'ombe ni kuambiwa kwamba ng'ombe wao ni wagonjwa. Tundu likajibu kwamba ng'ombe hawana neno, tatizo ni chura. Baba mdogo akasema chura yule alijiingiza mwenyewe. Tundu likasema ndiyo maana ya mfuniko. Sauti zikapanda. Baba mdogo akapiga fimbo chini, akasema hawezi kuendelea kutukanwa na chombo, akawachukua watu wake pembeni kujadiliana kama waondoke. Leokadia akakimbilia jikoni.

Nikabaki peke yangu na tangi.

"Mama Neema, wameondoka?"

"Wapo pale pembeni."

Nilisikia maji kidogo yakicheza chini ya miguu yake. Halafu akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia akiwa nje. Kwamba alipoanza kazi alipangwa kijiji kimoja cha wavuvi mwambao wa Ziwa Tanganyika, kikaingia kipindupindu. Ziwa lote lile mbele yao, maji mpaka macho yanachoka, na hapakuwa na ndoo moja ya maji ya kumpa mtoto. Alitumwa akiwa na dawa na karatasi za kubandika ukutani. Aliyekufa wa mwisho alikuwa mtoto wa mwenyeji wake, msichana aliyekuwa anamletea uji asubuhi. Pipa walilonywea lilikuwa halina mfuniko.

"Mfuniko tu," tangi likasema. "Ningeweza kuutengeneza kwa mbao za kasha. Nilikuwa nabandika karatasi."

Niliweka mkono kwenye ule ukuta mweusi. Ulikuwa wa moto kwa jua.

Gaspari ndiye aliyerudi. Alivua viatu, akavua koti lake la posa, akanikabidhi.

"Nitaingia nimsukume kwa ndani," akasema. "Ninyi mvute kwa nje."

"Hapana!" akapiga kelele baba mdogo kutoka kule. "Mkwe hamshiki baba mkwe matako! Haijawahi kutokea!"

Wazee wakatazamana. Mume wangu, ambaye ni karani na anapenda utaratibu, akakohoa. "Lakini posa haijakubaliwa," akasema. "Kwa hiyo bado si mkwe."

Baba mdogo akafikiri, fimbo kidevuni. "Kweli," akasema. "Leo ni mtu baki. Ruksa. Lakini asikubaliwe mpaka mzee awe nje."

Kwa hiyo Gaspari akapanda ngazi, akateleza ndani kama samaki, mwili wote ukamezwa. Waya zikakatwa, Bwana Afya akiugua kwa kila moja iliyokatika kama anang'olewa jino. Ukoo mzima wa Mtowisa na sisi wa Kizwite tukalibeba tangi lile na watu wawili ndani, tukalilaza kwenye majani. Tukasubiri waanze. Hawakuanza.

Walikuwa wanazungumza. Ilisikika mngurumo tu, wa besi na wa kijana, mara mmoja mara mwingine. Baba mdogo aliinama kwenye tundu la koki kusikiliza, mtu ndani akaliziba kwa kidole. Ulipita muda. Mngurumo wa besi ukakatika, ukaja tena mwembamba, kisha nikasikia kitu ambacho mpaka leo ninaamini kilikuwa kicheko.

Ndipo kichwa cha Bwana Afya kikatokea kwenye mlango wa tangi, kisha mabega. Mama Afya akammwagia mafuta ya alizeti tumboni bila kupima. Baba mdogo na mume wangu wakashika mkono mmoja kila mmoja. Gaspari akasukuma. Tukavuta, tukaimba kama watu wanaovuta gari kwenye matope, na Bwana Afya akatoka ghafla, akaanguka kwenye majani, anang'aa kama maandazi. Akaketi. Akaomba kofia yake. Akaivaa.

"Posa imekubaliwa," akasema.

"Na ng'ombe?" akauliza baba mdogo.

"Leteni ng'ombe mnaotaka. Hayo mengine nimeshaelewana na kijana."

Walichoelewana, hakuna aliyejua. Mama Afya alimuuliza, Leokadia alimuuliza mume wake, baba mdogo alitishia kususia harusi. Ninachojua ni kwamba lori lililompeleka Leokadia bondeni lilikuwa na godoro, kabati, na tangi jeusi jipya, na kwamba baba mdogo mwenyewe ndiye aliyekaa juu ameshika mfuniko wake kwa mikono miwili njia nzima.

Baada ya hapo nilimwona Bwana Afya akipungua. Miguu ilianza kumvimba, baridi ya huku ikawa inamwingia kwenye magoti, na Leokadia akaja akawachukua wote wawili wakaishi kwake chini, kwenye joto. Nyumba yao ikapata mpangaji. Mimi nikaendelea na cherehani.

Nilimwona tena mara moja tu. Kwaya moja ya Mtowisa ilinipa kazi ya kushona sare zao, nami nikazipeleka mwenyewe, nikiteremka ule mteremko mrefu kwenye lori la mizigo, masikio yakiziba, na kila kona joto likizidi, mpaka nikavua sweta, nikavua na kilemba. Nilipomaliza kugawa sare nikauliza nyumba ya mwalimu Leokadia.

Hakukuwa na mtu mbele. Nikasikia maji nyuma ya nyumba, maji mengi, nikadhani bomba limepasuka. Nikazunguka mbio.

Bwana Afya alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya tangi, suruali imekunjwa mpaka magotini, hana kofia, hana koti. Koki ilikuwa wazi kabisa. Maji yalikuwa yanamwagika juu ya miguu yake, yanatiririka uani, yanapita katikati ya matuta ya maboga, yanakwenda zake barabarani. Nikairukia koki.

"Acha," akasema.

"Shikamoo, Bwana Afya. Maji yanamwagika!"

"Marahaba. Nayaona." Akainua mguu mmoja, akaugeuza chini ya maji, akautazama. "Mama Neema, hivi umewahi kujua kwamba ni matamu hivi miguuni? Kule juu yalikuwa baridi mno. Sikujua."

Nilisimama pale nimeshika mfuko wangu. Mama Afya akatokea kwenye kona na ungo wa mchele. Akaona koki. Akaona maboga yanaogelea. Mimi nilirudi nyuma hatua, maana niliujua mdomo ule, na nilijua miaka aliyobeba ndoo kutoka kwangu huku tangi limejaa nyuma ya mgongo wake.

Aliweka ungo chini, juu ya jiwe, mahali pakavu. Akavua ndala. Akakunja kitenge, akamsukuma mume wake kwa nyonga asogee kwenye kigoda, akaketi, akatia miguu.

Walikaa hivyo kidogo, wanatazama maji.

"Fungulia zaidi," Mama Afya akasema.

Koki ilikuwa imefika mwisho. Bwana Afya alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Hata hivyo akanyoosha mkono, akaishika, akajaribu.